Kuumba herufi: mtoto anavyoanza kuandika

Kuumba herufi ni kuandika umbo la herufi kwa kufuata njia yake, mtoto akijua pa kuanzia, pa kugeukia na pa kuishia, na akijua pia sauti ya herufi hiyo. Mkono na sikio hufundishwa pamoja. Mtoto anayejaza ukurasa kwa kunakili ubaoni bila kujua sauti ya anachoandika bado anachora tu, hata mwandiko wake ukipendeza.

Mkono hukomaa kuanzia begani kwenda vidoleni. Ndiyo maana huanzwa na mistari mikubwa hewani, mchangani na ubaoni, pamoja na kufinyanga udongo, kutunga shanga na kukata karatasi kwa mkasi. Kwa kawaida mtoto wa miaka 2 huweza kuiga mstari wa wima, wa miaka 3 duara, wa miaka 4 msalaba. Mistari ya mshazari, kama ya pembetatu, huchelewa hadi karibu miaka 5, kwa hiyo k, v na z hazifai kuwa herufi za mwanzo.

Penseli hushikwa kwa gumba na kidole cha shahada, ikalala juu ya kidole cha kati, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye ncha. Anayeikamata kwa ngumi apewe kipande kifupi cha chaki au krayoni: hakitoshi ngumi, vidole vitajipanga vyenyewe. Mkono wa pili ushikilie karatasi na miguu ikanyage chini. Anayeandika kwa mkono wa kulia huinamisha sehemu ya juu ya daftari kushoto kidogo. Mwenye kutumia kushoto huinamisha kulia, hushika penseli juu zaidi ili aone anachoandika, na hukaa upande wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na mwenzake. Kumlazimisha abadili mkono ni kumwonea.

Herufi hazifundishwi kwa mpangilio wa alfabeti, bali kwa makundi yenye mwendo mmoja: c, o, a, d, g huzunguka kuelekea kushoto, l, i, t, u hushuka moja kwa moja, n, m, h, r, b, p hushuka, hupanda juu ya mstari uleule, kisha hupinda kulia. Tazama a: penseli huanza juu upande wa kulia, huzunguka kushoto hadi chini, hupanda kufunga duara, kisha hushuka bila kuinuliwa. Wengi huchora duara kuanzia chini, halafu hubandika kijiti pembeni. Ukitazama daftari lililokwisha kuandikwa huoni kosa, lakini mtoto akianza kuandika haraka kijiti kitaachana na duara na a itasomeka kama o na l. Mwalimu lazima autazame mkono ukiwa kazini.

Upande wa sauti, afundishwe b kama inavyosikika ndani ya neno, asikariri jina lake peke yake. Kiswahili kinamsaidia sana hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu: akijua m na a anaandika ma, kisha mama. Hapo imla fupi ya maneno matatu au manne ina faida kuliko kurasa tano za kunakili.

Panapokwama ni kwenye konsonanti zilizoungana. Ataandika “buzi” kwa mbuzi, “numba” kwa nyumba, “gombe” kwa ng’ombe. Makosa haya yanaonyesha kwamba anasikiliza. Mwambie atamke mbuzi polepole na asikie midomo inavyofungwa kabla ya b. M ataipata mwenyewe. Sahihisha jambo moja kwa wakati, maana daftari lililojaa wino mwekundu humfanya aandike yale tu aliyoyazoea.

Kugeuza b kuwa d ni kawaida hadi karibu miaka 7. Usizifundishe wiki moja: b huanza na kijiti, d huanza na tumbo, na b izoeleke kwanza. Ikiwa baada ya umri huo bado anageuza mara kwa mara, au mkono unamuuma baada ya sentensi mbili, angalia anavyoshika penseli na apimwe macho kabla ya kuitwa mvivu.