Vumbi la Nyasi Kavu na Sungura wa Ndani: Maswali na Majibu

Wanaofuga sungura ndani ya nyumba, hasa kwenye nyumba za ghorofa mijini, wana kero moja kubwa: nyasi kavu. Zinafika hadi chini ya kochi na zinaacha vumbi kila mahali, na wengine huchoka wakazipunguza, sungura akabaki na peleti (chakula cha vidonge) na sukumawiki. Mimi uamuzi huo unanitia hofu kuliko vumbi lenyewe, ndiyo maana naanza nao.

Kama nyasi zinachafua nyumba, kwa nini nisiziache tu?

Kwa sababu hakuna kitu cha kuziba pengo lake. Meno ya sungura hayaachi kukua. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na magego nayo yanakua. Kinachoyasaga yakabaki sawa ni kutafuna nyasi kutwa. Tumbo nalo linaendeshwa na nyuzinyuzi hizo hizo: zikipungua, mwendo wa utumbo unalegea, gesi inajaa, na sungura anagoma kula. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, hata kama ni usiku. Kwa sungura mzima, nyasi ziwe asilimia 80 au zaidi ya mlo. Kipimo rahisi ni fungu lenye ukubwa wa mwili wake kila siku, na lisikosekane chomboni.

Vumbi linamdhuruje?

Sungura hupumua kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo, hali ni mbaya. Sasa fikiria anavyokula: kichwa chote kimezama kwenye nyasi, kwa hiyo kila chembe inayopeperuka inaingia puani moja kwa moja. Vumbi linakwaruza utando wa njia ya hewa, na bakteria aina ya Pasteurella multocida, ambao sungura wengi wanao bila kuugua, wanapata nafasi ya kushambulia. Mkojo uliolala kwenye trei ya choo unaongeza amonia, na madhara yanakuwa mara mbili.

Chafya moja akiwa anafukua nyasi isikutishe. Chafya za mfululizo, ute mzito puani na machozi yasiyokatika ni jambo jingine. Mgeuze pia uangalie upande wa ndani wa miguu ya mbele. Sungura hujifuta pua kwa miguu hiyo, kwa hiyo mwenye mafua manyoya yake ya hapo huwa yameshikana na kukakamaa, hata kama pua unaiona safi.

Nitalijuaje robota zuri la nyasi kabla ya kulinunua?

Usiridhike na sura ya nje, maana jua linaunguza rangi ya juu wakati ndani nyasi ni nzima. Mwombe muuzaji alegeze kamba, uchomoe konzi moja kutoka katikati. Ikung'ute juu ya kitambaa cheusi. Chembe za kahawia ni udongo wa shambani, na chache zinavumilika. Ungaunga mweupe au wa kijivu wenye harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ni ukungu, na hapo usinunue hata kwa bei ya kutupa. Ukungu haukai mahali pamoja. Kukata kipande kilichoharibika na kutumia kilichobaki ni kujidanganya. Nyasi nzuri zina ukijanikijani, zinanukia, na bua lake likikunjwa linapinda kidogo kabla ya kuvunjika.

Kwa Kenya, nyasi aina ya boma rhodes ndiyo inayopatikana kwa wingi, na inamfaa sungura vizuri. Ukoka uliokaushwa vizuri nao unafaa, mradi haukukatwa kando ya barabara wala mahali palipopuliziwa dawa. Alfalfa (lusini) waachie wadogo walio chini ya miezi 6. Ina kalsiamu nyingi mno kwa sungura mzima na humletea matatizo ya kibofu, tena majani yake yakikauka huvunjika yakawa unga, na vumbi linazidi.

Nimeshalileta nyumbani. Vumbi nalipunguzaje?

Kazi yote ifanyike nje, au kwenye baraza lenye upepo, sungura akiwa mbali. Vaa barakoa. Kata kamba na uzihesabu ulizozitoa, kwa sababu uzi wa nailoni ukimezwa unaziba utumbo. Kisha chukua nyasi kidogo kidogo, zitikise juu ya chekeche la mchanga au wavu wowote wenye matundu mapana, unga udondoke chini, mabua yabaki juu. Usizikatekate kwa mkasi ili zikae vizuri kwenye chombo. Zikiwa ndefu hazitoi vumbi sana, na ndizo zinazompa kazi ya kutafuna. Vipande vya chini ya gunia, vile vilivyosagika, vitie kwenye mboji.

Je, nikizinyunyizia maji?

Unaweza, kwa fungu la kula sasa hivi tu. Zitakazobaki baada ya saa chache zitupe. Usimwagie maji zile za akiba hata kidogo.

Niziweke wapi zisiote ukungu?

Nyasi zilizokauka sawasawa huwa na unyevu chini ya asilimia 15. Mwambao wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, wakati wa masika, hewa yenyewe inazirudishia maji. Kwa wakazi wa huko ushauri wangu ni kununua kidogo kidogo. Tumia gunia la katani, foronya kuukuu au boksi lenye matundu. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa unafungia unyevu ndani. Liinue juu ya vipande vya mbao na uliache mbali kidogo na ukuta.

Zisisambae sebuleni, nifanyeje?

Sungura hupenda kula huku akijisaidia. Tumia tabia hiyo. Chukua beseni pana, weka choo upande mmoja na nyasi juu yake au pembeni kabisa, hapo zinazodondoka zinaangukia beseni. Chombo cha nyasi kiwe na matundu ya kupitisha mdomo, si kichwa. Nyavu za kuning'iniza ziepuke kwa kuwa mguu hunaswa. Boksi lililotobolewa ubavuni linatosha kabisa.

Chini tandika magazeti. Unga wa mbao ni vumbi juu ya vumbi, na maranda ya msonobari au mwerezi yenye harufu kali hayamfai. Badilisha trei kila siku. Kwenye kufagia, fagio kavu linarusha kila kitu hewani. Pitisha kitambaa kibichi au dekio, sungura akiwa chumba kingine.

Mtoto wangu ana pumu. Nimtoe sungura?

Zungumza kwanza na daktari wa mtoto, kwa sababu nyasi, manyoya, mate na mkojo wa sungura vyote vinaweza kuamsha pumu. Wakati huo mtoto asiguse kazi ya nyasi wala trei, na sungura asilale chumbani kwake. Akizidi kubanwa kifua, afya ya mtoto ndiyo ya kwanza. Mtafutie sungura nyumba nyingine nzuri.

Sungura anapiga chafya sana. Nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani?

Hapana, kamwe. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, zikipita mdomoni, huua bakteria wema wa utumbo wa sungura na kuacha wenye sumu wakitawala. Sungura anaharisha na anaweza kufa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua sungura, na umbebee konzi moja ya nyasi anazokula, azione na kuzinusa mwenyewe.