Setelaiti Haioni Ndani ya Kontena

Kila inapotoka ripoti mpya kuhusu silaha za Korea Kaskazini zinazokwenda Urusi, huniandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza hudai kwamba idadi imekwisha kuthibitishwa kwa kuwa setelaiti imeona. Wa pili hudai kwamba yote ni propaganda, kwa kuwa kama setelaiti ingeona tungekwisha kuonyeshwa. Wanabishana, lakini imani yao ni moja, kwamba setelaiti huona kila kitu, nayo imenichosha.

Picha ambazo Ikulu ya Marekani ilizitoa Oktoba 2023 zilionyesha makontena bandarini Rajin, Korea Kaskazini, meli ya Kirusi iitwayo Angara, bandari ya Dunai mashariki mwa Urusi, na treni iliyofika kwenye ghala la silaha karibu na Tikhoretsk, kusini-magharibi mwa Urusi. Njia ilionekana. Kilichomo kilikisiwa kutokana na mahali kilikoishia, na ukisio huo una nguvu, kwa sababu hakuna anayepeleka mchele kwenye ghala la silaha. Hata hivyo unabaki ukisio.

Hapo ndipo idadi zinapoharibika. Februari 2024 Shin Won-sik, Waziri wa Ulinzi wa Korea Kusini wakati huo, alisema kwamba makontena yapatayo 6,700 yalikuwa yamekwisha kupelekwa Urusi, na kwamba yakiwa yamejaa risasi za mizinga za milimita 152 yangebeba zaidi ya milioni 3, ilhali yakiwa yamejaa roketi za milimita 122 yangebeba zaidi ya 500,000. Hiyo ni hesabu ya ujazo, wala si hati ya shehena: unachukua nafasi na uzito ambao kontena linahimili, unagawanya kwa kitu unachodhani kimo ndani. Majibu yake mawili yanapishana takriban mara sita, na waziri hakulificha hilo. Walioinyakua habari ndio waliobaki na milioni 3, wakaacha roketi, wakaacha na sharti lenyewe, na leo naletewa idadi hiyo kana kwamba kuna karani aliyekaa gatini akihesabu moja moja.

Mabaki ya silaha ni ushahidi wa daraja jingine kabisa. Kombora la Korea Kaskazini lililoanguka Kharkiv, Ukraine, tarehe 2 Januari 2024 lilipochunguzwa, lilikutwa na vipuri vya kielektroniki zaidi ya 290 visivyo vya Korea Kaskazini, vingi vikiwa na alama za kampuni za Marekani, na alama za tarehe zilizochapwa juu ya vipuri hivyo zilionyesha kwamba halikuweza kuunganishwa kabla ya Machi 2023. Hilo halina maana kwamba kampuni hizo ziliiuzia Korea Kaskazini. Baina yao na kiwanda cha makombora wapo mawakala wengi, na mara nyingi uzi hukatika kwa wakala wa pili au wa tatu.

Wasiwasi wangu hasa uko kwa wafuatiliaji wenyewe. Jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 2009 kufuatilia vikwazo dhidi ya Korea Kaskazini, lilikuwa na Mrusi na Mchina ndani yake. Lilikwenda kwa mwendo wa kobe, lakini lilichokubaliana kilikuwa kigumu kupingwa. Machi 2024 Urusi ikatumia kura ya turufu kuzuia muda wake usiongezwe, China ikajizuia kupiga kura, na jopo likafa mwisho wa Aprili. Timu ya nchi 11 iliyochukua nafasi yake ina Marekani, Japani, Korea Kusini na washirika wao watupu. Naiamini kazi yake kuliko wengi wanavyodhani, ila sijui nimjibu nini anayeniuliza ni nani aliyeikagua kutoka nje.

Wala siri si ya upande mmoja tu. Meli ya Kirusi Lady R, iliyokuja kutajwa katika safari za Rajin, ilitia nanga Simon's Town, Afrika Kusini, Desemba 2022, ikiwa imezima mtambo wa kutangaza mahali ilipo. Balozi wa Marekani nchini humo alidai kwamba ilipakiwa silaha za kupelekwa Urusi. Jopo la Jaji Phineas Mojapelo, lililoteuliwa na rais wa Afrika Kusini kuchunguza kisa hicho, halikuona ushahidi wa madai hayo, lakini serikali ikatoa muhtasari tu na kuifungia ripoti yenyewe. Kwa hiyo anayeniuliza ni nani niliyemwamini katika kisa hicho atanisamehe: ripoti sijaisoma, na ushahidi wa balozi nao sijaonyeshwa.