Muulize mtoto thumuni kabla ya kumuuliza x

Katika vikao vya wazazi wa shule za sekondari hapa Lamu, maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Mwalimu, mimi mwenyewe hesabu zilinishinda, nitamsaidia na nini?" Husemwa kwa kicheko, na mara nyingi mtoto amekaa papo hapo anasikiliza. Mimi kazi yangu ni kuwafunza walimu wa hisabati, na kama ningepewa ombi moja tu kwa wazazi, ningeomba maneno hayo yasisemwe mbele ya mtoto. Akishaamini kwamba kushindwa hesabu ni jambo la ukoo, kama kimo au sura, ahangaike kwa nini?

Wengi wanaokwama Kidato cha Pili hudhaniwa wamekwama kwenye aljebra. Ukikaa nao utakuta waliachwa nyuma kwenye sehemu (kama 1/3 na 1/4) na namba hasi, mambo ya shule ya msingi yaliyopita bila kukaa. Mpe mmoja wao x/3 + x/4 = 14. Atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate 2x/7, kisha akwambie x ni 49. Hapo mzazi ambaye hajui aljebra hata chembe ana la kusema: "Hebu irudishe hiyo 49 mahali pake tuone." Igawe kwa 3, inapita 16. Igawe kwa 4, inapita 12. Jumla imevuka 28, nasi tulitaka 14. Mtoto ataona mwenyewe kwamba amepotea, wala hakuna aliyemwita mjinga. (Jibu ni 24: 8 na 6.)

Na sehemu zenyewe si ngeni kwetu. Kiswahili kina majina yake: nusu, theluthi, robo, sudusi (1/6), thumuni (1/8). Wazee bado wanaiita senti 50 thumuni, ingawa ni nusu ya shilingi, na huo ni mzaha mzuri wa kumtega mtoto. Lakini darasa kubwa la sehemu katika mji huu ni mirathi ya Kiislamu, ambayo vijana wengi wameisikia chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi kabla hawajaikuta kwa mwalimu wa hesabu.

Chukua mfano huu. Marehemu ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Madeni, gharama za maziko na wasia vimeshatolewa, imebaki shilingi 720,000. Mke anapata thumuni kwa kuwa kuna watoto, mama anapata sudusi, na kinachobaki mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili na wa kike moja. Ili kujumlisha thumuni na sudusi ni lazima utafute asili moja, yaani namba ya chini inayofanana, nayo ni 24: thumuni ni 3/24 na sudusi ni 4/24, jumla 7/24. Imebaki 17/24, inayogawanywa mafungu matatu. Mke 90,000, mama 120,000, mwana 340,000, binti 170,000. Zijumlishe zirudi 720,000. Zisiporudi, kuna mtu amedhulumiwa.

Sasa geuza swali: binti alipata 170,000, je, mali yote ilikuwa kiasi gani? Hapo mtoto ameshaingia kwenye mlinganyo, na x ni mali ya marehemu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilicholeta neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Familia zisizotumia mirathi hii zina mgao wao: mapato ya chombo baina ya mwenyewe na mabaharia, au pesa za chama.

Jambo jingine ni daftari. Mtihani wa hesabu wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari hapa Kenya, una karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Katika kila karatasi, sehemu ya kwanza ina alama 50 na maswali yote ni ya lazima. Ya pili ina maswali manane, mtahiniwa achague matano. Alama nyingi hutolewa kwa njia, si kwa jibu pekee. Aliyekosea kujumlisha mwishoni lakini njia yake ni sahihi haondoki mikono mitupu. Aliyeandika jibu tupu, na likawa si lenyewe, hana cha kuhesabiwa. Basi fungua daftari uangalie kati ya swali na jibu. Kama hakuna mistari ya kazi, jibu limetoka kwa rafiki au kwenye simu.

Kuhusu masomo ya ziada ya kulipia sina mengi. Mtoto asiyejua sehemu akirudiwa mada ileile ya Kidato cha Tatu, fedha zimekwenda na maji. Na wanaongoja mtaala mpya uwaondolee mzigo wasingoje: huko sekondari ya juu pia hesabu imo katika kila mkondo.

Kwa mtoto wa bweni, siku za likizo zinatosha. Mwambie akufundishe swali moja, wewe ukiwa mwanafunzi. Kila anapopita haraka, uliza, "Hapa umefikaje?" Akishindwa kujibu, tia alama kwenye mstari huohuo, na shule ikifunguliwa mpelekee mwalimu daftari likiwa na alama yake.