"Huduma za afya ya uzazi ngazi ya jamii" ni nini hasa?

Ukisikia hayo maneno unaweza dhani ni ile siku hema linapigwa kwa uwanja wa chifu, watu wanagawiwa kondomu na tisheti, wanapigwa picha, halafu gari inaondoka. Hapana, hiyo ni kampeni. Huduma ya jamii ni ile inayobaki gari ikishaenda.

Yaani mambo ya kupanga uzazi, mimba, kujifungua, kupima HIV na magonjwa ya zinaa yanasogezwa mpaka mlangoni kwako, na anayeyaleta ni mtu wa mtaa huo huo. Kwa mpangilio wa Kenya hii inaitwa levo ya 1, dispensari ni ya 2, inapanda hivyo mpaka Hospitali ya Kenyatta huko levo ya 6, kwa hivyo kwa karatasi hospitali inaanzia kwa mlango wako, si kwa geti.

Hapa Kisumu ukiingia Nyalenda ama Obunga huyo mtu ni CHP (community health promoter, mhudumu wa afya wa mtaa), zamani tulimwita CHV (volunteer, wa kujitolea), na wamama wa Kijaluo wengi bado wanamwita nyamrerwa, jina lililokuwa la mkunga. Anashika kama nyumba 100. Tangu 2023 wamepewa mikoba ya kazi na simu na wakapangiwa malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, ambayo ukigawa ni bob 50 kwa kila mlango, ujue tu.

Kazi yenyewe? Anaangalia kadi ya kliniki, anauliza mama mjamzito kama ameshaenda, anaacha kondomu ama tembe za kupanga uzazi, na wewe ukitaka kile kijiti cha mkono cha kuzuia mimba cha miaka 3 ama 5, au koili ya kuwekwa kwa kizazi, anakutuma dispensari kwa sababu hiyo si kazi ya kufanyiwa kwa kochi. Lakini kitu kikubwa zaidi ni kwamba anajua nyumba yako. Kuna jirani yangu kadi yake ya sindano ya miezi tatu inakaa ndani ya mkebe wa unga, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, juu bwanake hataki kusikia hayo maneno ya kupanga. CHP akija anaanza na chanjo ya mtoto, anauliza kama neti imetoboka, anakunywa chai pole pole, mzee akishatoka kuwasha boda ndio anasema, "Na ile tarehe?" Daktari wa hospitali hawezi fanya hivyo hata awe na digrii ngapi.

Halafu kuna mambo ya saa. Mtu akibakwa Ijumaa saa mbili usiku, dawa za kuzuia HIV lazima zianze kabla masaa 72 yaishe na mapema ndio bora, sasa akingoja dispensari ifunguliwe Jumatatu asubuhi masaa 60 yameshaenda. Mtu wa mtaa anayejua ni hospitali gani iko wazi usiku, na ako na namba ya boda anayeaminika, hapo ndio huduma yenyewe, hata kama kwa mkoba hana tembe hata moja.

Sasa shida. Huko kujuana ndiko kunafukuza wengine. Msichana wa miaka 16 hawezi ambia CHP siri yake kama huyo CHP ako chama kimoja na mamake, ataenda kemisti anunue P2, zile tembe za dharura za kuzuia mimba, kofia ikiwa imefunika macho, na hakuna mtu atamwambia kwamba P2 haizuii HIV. Na si wachache, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata wasichana 15 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Kwa hivyo mimi mtu akiniambia "jamii" namuuliza jamii ya nani, ya wamama ama ya hawa watoto pia?

CHP wa kwetu ameshatambua hiyo. Ako na namba ya mwenzake wa Manyatta, na msichana akianza kuzunguka zunguka maneno anamwandikia hiyo namba kwa kikaratasi, hamuulizi kitu.