Injinia, fundi kakuelewa lakini?

Malalamiko yamekuwa mengi ofisini siku hizi, tena mengi hayahusu hesabu mbovu, yanahusu mainjinia vijana wasiosema na watu, au wanasema vibaya, kwa hiyo bora tuelezane hadharani bila kumtaja mtu.

Moja nimeliona mwenyewe Pemba. Fundi kaona zege zito, kachukua ndoo ya maji kamwagia. Kijana wetu akamfokea mbele ya vibarua wake, nusu Kiingereza, mzee wa umri wa babake, hata salamu hakutoa. Fundi kimya. Gari ya injinia ilipopinda kona tu ndoo ikarudi. Maji yakizidi zege linapoteza nguvu, fani nzima inajua hilo ila mwenye ndoo hakuambiwa.

Angemwita pembeni, "shikamoo ami, hebu tulipime pamoja", akaleta ile koni ya kupimia ulaini wa zege, ya urefu wa milimita 300, zege linatiwa matabaka 3, kila tabaka unalichoma na fimbo mara 25, halafu unanyanyua koni taratibu unapima limeporomoka kiasi gani. Fundi akiliona limekuwa uji hahitaji kufokewa.

Na msije mkanigeuzia maneno! Wapo wanaodhani mdomo unatosha, mteja anachekeshwa, kahawa na sheha kila jioni, vipimo havipo. Hapana bwana. Vile vitofali vya zege vya majaribio vinapondwa siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwagwa, kupima nguvu, vikifeli hakuna wa kumbembeleza. Na agizo la saiti liandikwe siku ile ile, tarehe, saa, sehemu ya jengo, nani kapokea, asaini, nakala ubaki nayo, maana ukija kwetu na mgogoro tutakuuliza karatasi. Kazi inaweza kusimamishwa hata kuvunjwa, gharama nani alipe itategemea mkataba wako, hapa siwezi kusema.

Wengine wanasema kuongea ni kazi ya wanasiasa. Haya, Marekani, usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga Challenger, walionya kuwa baridi itazikakamaza ringi za mpira kwenye maungio ya roketi hizo, wakashindwa kuwashawishi wakubwa, Challenger ikapasuka sekunde 73 baada ya kuruka na watu 7 wakafa. Hofu yao ilikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege mwambie fundi akueleze yeye, kwa maneno yake, nondo zinakaaje. Akijibu "ndio injinia" tu, bado hamjaelewana, anza upya.