Kubomoa kwa kuachia: nyumba mbovu ya Mji Mkongwe

Kubomoa kwa kuachia ni nyumba kuangushwa bila mtu kushika sururu. Mwenye nyumba haombi kibali cha kuibomoa kwa sababu anajua hatapewa. Anachofanya ni kutoziba bati lililotoboka. Masika yanapita, vuli inapita, dari inashuka, na baada ya miaka kadhaa anakwenda ofisini na picha za nyufa kueleza kwamba nyumba ni hatari kwa wapita njia. Na kufikia siku hiyo huenda anasema kweli tupu. Hapo ndipo wataalamu wanaitwa kuamua jambo ambalo bati na mvua vimeshaliamua.

Mji Mkongwe wa Unguja unaijua hali hii vizuri. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lamu ikafuata mwaka 2001. Katika mtaa wa namna hii, kuwa na hati hakukupi ruhusa ya kubomoa. Kibali lazima, na hata kubadilisha dirisha la mbele ni jambo la kuombewa.

Si kila anayeiachia nyumba ana hila. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawanywa vyumba kwa wapangaji waliolipa kodi ndogo mno isiyotosha hata kununulia chokaa. Nyingine ni za wakfu. Nyingine zina warithi kumi na kitu, wengine wako Muscat, wengine London, na hakuna anayetaka kutangulia kutoa fedha za ukarabati wa nyumba ambayo hajui fungu lake ni lipi. Mimi naona kesi za warithi ndizo ngumu kuliko zote, maana hakuna wa kumlaumu na nyumba inaanguka vilevile.

Kabla ya kusema nyumba imekwisha, ni vyema kujua imejengwaje. Kuta ni za matumbawe, nene, zimeungwa kwa udongo na chokaa, mara nyingi zikiwa na nyuso mbili za mawe na kifusi katikati. Sakafu hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Adui mkubwa wa ukuta kama huo ni maji yanayoingia kwa juu. Yakishalowesha kile kifusi cha ndani, kinashuka, ukuta unafura tumbo, nyuso mbili zinaachana. Choo kilichoongezwa ghorofani na bomba lake linalovuja hufanya kazi hiyohiyo kiangazi na masika.

Fundi anayejua nyumba za mawe haanzi na kutazama nyufa. Anagonga lipu kwa kifundo cha kidole asikie wapi pana uwazi. Anachoma kisu kwenye boriti, si katikati bali kwenye ncha inayoingia ukutani, kwa kuwa boriti inaweza kuwa ngumu kama chuma katikati na ncha yake imekuwa unga. Kwenye ufa anabandika kiraka chembamba cha jasi na kuandika tarehe juu yake. Kiraka kikibaki kizima miezi kadhaa, ufa ni wa zamani na umetulia. Kikikatika, ukuta unatembea. Nyumba ya kutisha kwa macho inaweza kuwa imetulia miaka arobaini, na iliyopigwa rangi juzi ikawa ndiyo inayosogea.

Hapa saruji inastahili lawama yake. Watu wengi, kwa nia njema, huipiga nyumba ya chokaa lipu ya saruji ili "iwe imara". Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, udongo unalegea, na siku lipu inapobanduka inatoka na mawe. Ndiyo maana ripoti ya mhandisi aliyezoea zege peke yake haitoshi. Atapima ukuta wa udongo kwa vipimo vya nguzo na nondo, na jibu lake karibu kila mara litakuwa bomoa.

Halafu kuna majirani. Nyumba za vichochoroni zimeegemeana. Ukiondoa moja, ukuta wa jirani ambao haukujengwa kukutana na mvua unabaki wazi. Wengi huishia kuona gofu moja likizaa la pili.

Hata majengo makubwa hayasalimiki. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu mwaka 2012, kisha Desemba 25, 2020, kazi ya ukarabati ikiwa imeanza, sehemu kubwa ikaanguka na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo asiyetaka nyumba yoyote iguswe naye ajibu swali la uhai wa watu. Ukuta unaotembea juu ya njia ya watoto wa chuo cha Kurani uegemezwe kwa magogo leo, na kama magogo hayauwezi, ushushwe.

Kushusha lakini si lazima kuwe kufyeka. Ukuta mmoja unaweza kuvuliwa jiwe kwa jiwe hadi palipo pazima, kisha ukapandishwa tena kwa mawe yaleyale na chokaa. Ghorofa ya matofali iliyobandikwa juu baadaye inaweza kuondolewa na nyumba ya asili ikapata nafuu. Kubomoa yote kunabaki kwa nyumba ambayo kuta zenyewe zimeachana kila upande, au jengo la juzi lisilo na cha kuhifadhiwa.

Anayeota ghorofa tano kwenye kiwanja kitupu ajue kwamba masharti ya urefu na sura hayaanguki pamoja na nyumba. Mkaguzi makini humtaka mwombaji alete michoro ya kitakachojengwa na ushahidi wa fedha kabla ya jiwe la kwanza kung'olewa. Mlango wa nakshi, madirisha na roshani huorodheshwa, hupigwa picha na kufungiwa mahali panapojulikana, kwa sababu nyumba ikishabomoka, mlango ndio hutangulia kupata mnunuzi. Boriti nzima hutengwa, mawe hupangwa uani, na kifusi hutolewa kwa mikokoteni, maana lori haliingii kichochoroni.