Anachotafuta mtahini wa mifupa

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Mombasa. Mchana nashughulika na wagonjwa, na jioni nawafundisha anatomia ya mifupa wanafunzi wa uuguzi, wa utabibu na wa fani yangu mwenyewe. Swali ambalo kila mwanafunzi huja akiwa amelihifadhi ni lile la idadi: mtu mzima ana mifupa mingapi? Jibu la 206 huwatoka kabla sijamaliza kuuliza, na kwa sababu hiyo nimeacha kulitolea alama. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini mtu anaweza kuitamka bila kujua hata mfupa mmoja ulipo mwilini mwake, na mgonjwa hatibiwi kwa hesabu.

Nikitaka kujua kama namba hiyo ina mizizi kichwani mwa mwanafunzi, humuuliza ni mifupa mingapi kati ya hiyo iliyoko kwenye viganja na nyayo peke yake, pamoja na vifundo na vidole vyake. Asiyejua hukisia 40 au 50. Anayejua hunyoosha mkono wake mbele yake na kuanza kuhesabu: vijifupa 8 vya kifundo, mifupa 5 ya kiganja, 14 ya vidole, jumla 27, kisha hushuka kwenye mguu, ambako kuna 7 ya kifundo na kisigino, 5 ya wayo na 14 ya vidole, jumla 26. Pande zote mbili zikijumlishwa hupatikana 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili imo katika sehemu tunazotumia kushika na kukanyagia. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa kuhesabu mkono wake mwenyewe hatasahau tena.

Swali la pili ni la mtoto mchanga: je, ana mifupa mingi kuliko mama yake au michache? Wengi husema michache, kwa kuwa mtoto ni mdogo. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto huzaliwa na vipande vipatavyo 270 hadi 300, kutegemea unavyovihesabu, na vingi huungana kadiri anavyokua. Mfupa wa mtu mzima ulio chini ya mgongo, kati ya nyonga mbili, ni pingili 5 zilizoshikana zikawa kitu kimoja. Hapo hapo humuuliza mwanafunzi habari za utosi. Akina mama wa pwani wanaujua utosi vizuri sana, kwa kuwa wanaupaka mafuta na kuuangalia kila siku, lakini mwanafunzi anapaswa kueleza kwamba ni pengo kati ya mifupa ya fuvu ambayo bado haijakutana, kwamba pengo la mbele kwa kawaida hufunga mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na kwamba utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha ni dalili ya kupungukiwa na maji mwilini, ilhali utosi uliovimba na kukaza kwa mtoto mwenye homa ni jambo la kukimbizwa hospitali saa ile ile. Anayejua kwamba mifupa huungana lakini asiweze kuhusisha jambo hilo na mtoto aliye mikononi mwa mama, huyo nampa nusu ya alama.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: mkono umeungana na kiwiliwili kwa mfupa upi? Karibu darasa zima hujibu kwamba ni kombe la bega. Ni jibu linaloeleweka, kwani kombe ni pana na mkono unaingia ndani yake. Lakini kombe lenyewe halijaungana na ubavu wowote, bali limeshikiliwa na misuli na huteleza juu ya mgongo kila unapoinua mkono. Kiungo cha mfupa kwa mfupa kinachoufunga mkono na kiwiliwili ni kimoja tu, nacho kipo pale mtulinga, mfupa wa mbele unaotoka chini ya koo hadi begani, unapokutana na kidari, mfupa wa katikati ya kifua. Huwaambia waweke kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, wakisogeze kando kidogo mpaka wahisi kichwa cha mtulinga, kisha wainue mkono juu. Kitu kinatembea chini ya kidole. Nimeona nyuso nyingi zikibadilika katika dakika hiyo.

Mtulinga huu mwembamba, uliopinda kama herufi S, ni katika mifupa inayovunjika mara nyingi zaidi, na sababu iko wazi ukishajua kazi yake. Mtu akianguka kwa bega, iwe ni mtoto aliyeteleza kutoka mwembeni au abiria wa bodaboda, nguvu ya kishindo hupita kwenye mtulinga ikielekea kifuani, na mfupa huo ulio karibu na ngozi huachia, mara nyingi katikati. Mgonjwa huingia akiwa ameushika mkono ulioumia kwa mkono wa pili, ameubeba kwenye kiwiko, na kichwa amekiinamisha upande wenye maumivu. Mwanafunzi makini anaweza kuutambua mvunjiko kabla mgonjwa hajaketi. Ndiyo maana siishii kwenye jina. Nauliza pia kilichopita chini ya mtulinga, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu wa mkono na kifungu cha neva zake hupita hapo, na anayejua hilo atapima mpigo wa damu kifundoni na kuuliza kama vidole vina ganzi kabla ya kufunga bandeji yoyote.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo nalitilia uzito. Wanafunzi wangu husoma kwa Kiingereza, kisha huenda kuwahudumia watu wa Majengo, Likoni na Kisauni kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili mambo mengi hupotea. Mgonjwa akisema mkono unamuuma, anaweza kuwa anakusudia popote kuanzia begani hadi ncha za vidole. Akisema mguu, ni kuanzia nyonga hadi ukucha. Akisema amevunjika kiuno, huenda ni mgongo, huenda ni nyonga, huenda ni shingo ya mfupa wa paja. Hili la mwisho ndilo linalowapata bibi zetu wanaoteleza bafuni: jamaa huja wakisema nyonga imeteguka na wanataka akandwe, kumbe mguu umefupika na wayo umegeukia nje, alama mbili zinazotosha kumfanya mtu ashuku kwamba shingo ya mfupa wa paja imevunjika na kwamba kukanda kutamdhuru. Kwa hiyo nawatahini katika lugha zote mbili. Nasema kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), muundi (mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti), kilegesambwa (kifuniko cha goti), kitefute (mfupa wa shavu), kifandugu (ncha ya chini ya uti wa mgongo), nao wanionyeshe kwa kidole. Wapo wanaofahamu majina yote ya Kilatini lakini hawajui kilegesambwa ni kipi, na wapo waliolelewa na nyanya zao Mji wa Kale ambao huyajibu yote bila kusita na kuwafundisha wenzao. Maneno haya ni yetu na yanafaa kutumiwa.

Kuhusu mbavu sitasema mengi. Bado nakutana na wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo, wanaoamini kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kwa sababu ya kisa cha kuumbwa kwa Hawa. Naliheshimu kila linaloaminiwa na mtu, lakini baba aliyekatika kidole watoto wake huzaliwa na vidole kamili, na wanaume na wanawake wote kwa kawaida wana jozi 12. Mwanaanatomia Andreas Vesalius alilieleza jambo hili mwaka 1543, kama alivyoeleza kwamba taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja na si miwili kama ilivyokuwa ikifundishwa tangu zama za Galen, tabibu wa kale wa enzi za Warumi, ambaye elimu yake ilitokana zaidi na kupasua wanyama. Aliyasema hayo kwa sababu alifungua maiti za watu na kutazama.

Kuna swali jingine ambalo silijibu kwa maneno. Nawaambia wachukue mifupa miwili ya paja la kuku, iliyosafishwa nyama yote. Mmoja wautie kwenye chupa ya siki kwa siku kadhaa, wakibadilisha siki kila baada ya siku mbili. Wa pili wauchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe. Wa siki hutoka ukipinda kama mpira, kwa kuwa asidi imeyeyusha chokaa na kubakisha nyuzi za kolajeni. Wa makaa hubaki na umbo lake lakini ukiubonyeza huvunjika kama kigae, kwa kuwa nyuzi zimeungua na chokaa imebaki peke yake. Ndipo nauliza: mfupa ulio hai unapata wapi ugumu wake, na unapata wapi uwezo wa kuhimili kishindo bila kupasuka? Mwanafunzi aliyeishika mifupa hiyo miwili huweza kunieleza pia kwa nini mfupa wa mtoto hupinda na kuchanika upande mmoja kama kijiti kibichi, ilhali wa mzee hukatika.

Swali linalofuatia ni mahali damu inapotengenezwa. Wengi hutaja moyo, wachache ini. Jibu ni uboho mwekundu, ambao kwa mtu mzima umo hasa katika fupanyonga, pingili za mgongo, kidari, mbavu na fuvu. Hapa pwani jibu hili si la mtihani tu, maana selimundu ni ugonjwa ulio katika nyumba nyingi tunazozijua, na ni ugonjwa unaopiga mifupa: chembe za damu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo, na sehemu ya mfupa hukosa damu. Mtoto wa miezi kadhaa anayevimba viganja na nyayo, analia akiguswa na hakuanguka popote, huenda hiyo ndiyo dalili yake ya kwanza. Kwa kijana mwenye selimundu anayeanza kuchechemea, nataka mwanafunzi afikirie kichwa cha mfupa wa paja kabla hajafikiria misuli.

Nimalizie na mfupa mdogo ambao nautahini kila muhula bila kukosa. Nilipokuwa mwanagenzi katika kituo kimoja, aliletwa mgema aliyeteleza kutoka mnazini, si juu sana, akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba kidogo. Picha ya eksirei ilipigwa, hapakuonekana ufa, akaambiwa mshipa umeteguka, akapewa bandeji na dawa ya maumivu. Mimi nilikuwepo nami nikakubaliana na hayo. Baada ya miezi akarudi, hawezi kukaza mkono kwenye shina la mnazi, na mnazi ndio ulikuwa chakula cha watoto wake. Picha ya pili ilionyesha kwamba skafoidi, kijifupa kilicho upande wa kidole gumba, kilikuwa kimevunjika vipande viwili ambavyo havikuunga.

Mfupa huu una tabia yake. Damu yake nyingi huingia kupitia ncha iliyo upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigasha, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Ufa wake unaweza usionekane katika picha ya siku ya kwanza. Kwa hiyo anayeshukiwa hufungwa kifundo kisitikisike na kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Na kinachomfanya mtu ashuku au asishuku hakihitaji mashine. Nyoosha kidole gumba juu na nje kwa nguvu, utaona kano mbili zikisimama kwenye mzizi wake na bonde dogo katikati. Skafoidi iko sakafuni mwa bonde hilo. Mtu aliyeangukia kiganja, ukibonyeza hapo akaruka kwa maumivu, mchukulie kuwa amevunjika mpaka ithibitike vinginevyo. Hakuna kati yetu aliyembonyeza yule mgema hapo.

Tangu nianze kutunga mitihani yangu mwenyewe, kituo cha mwisho cha mtihani wa vitendo hakina mfupa wa plastiki wala picha ya ukutani. Kuna kiti, na mwanafunzi mwenzao aliyekunja mikono ya shati amekaa juu yake, na karatasi yenye maneno machache: mtu huyu ameanguka akajikinga kwa kiganja, onyesha utakapobonyeza kwanza. Simsemeshi mtahiniwa. Natazama tu kidole chake kinatua wapi.